Selo Sebuleni, Baba Mkwe Nje

Siku ya kwanza nilipovuta upinde juu ya uzi wa selo nyumbani kwetu Nyahanga, hapa Kahama, baba mkwe wangu alikuwa sebuleni anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo hakubali siku ipite bila kuvitafuna. Akaacha kutafuna. Nikamsikia kupitia pazia la chumbani kwangu akimuuliza mjukuu wake, "Mke wangu, huyo ndama wa nani analia?"

"Siyo ndama, babu," binti yangu akamjibu. "Ni mama."

Niliuma khanga nisicheke kwa sauti. Mkamwana hacheki ovyo wakati mkwe wake yuko hatua chache upande wa pili wa pazia. Yeye na mjukuu wake wana ruhusa ya kutaniana watakavyo. Anamwita "mke wangu", naye anamwita "mume wangu, mzee asiye na meno", na hakuna anayekasirika. Mimi sina ruhusa hiyo. Mimi nampelekea chakula nikiwa nimepiga magoti, simwiti jina, siingii chumbani kwake, na nikiwa na jambo la kumwambia namtuma mtoto. Naye vilevile. Akitaka maji anamwambia mjukuu wake, "Mwambie mama yako nina kiu," na mimi niko palepale nasikia kila neno. Tumeishi hivyo tangu mama mkwe alipofariki na mume wangu akaenda kumchukua baba yake kijijini, maana mguu ulikuwa umeanza kumsumbua na ng'ombe hawamngoji mtu anayechechemea. Kijijini angekuwa na nyumba yake na mimi yangu, na ua katikati. Mjini tuna vyumba viwili na sebule, na milango ya ndani ni mapazia.

Habari ya selo ilianzia kanisani. Jumapili moja, wakati wa komunyo, dada mmoja mgeni alikaa pembeni ya kwaya na kuanza kupiga ala kubwa ya mbao yenye nyuzi nne, ameiegemeza kifuani na kuibana katikati ya magoti, huku akivuta upinde taratibu. Binti yangu, ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka sita, alisimama juu ya benchi. Nikamvuta nguo akae, hakukaa. Misa ilipoisha watu walitoka, yeye akagoma kutoka mpaka alipoona ile ala inarudishwa ndani ya mfuko wake mweusi na zipu inafungwa. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Mama, mimi nataka ile." Siku iliyofuata akarudia. Na iliyofuata.

Mama mwingine angesema mtoto atasahau. Mimi nilishindwa, na najua kwa nini. Nimezaliwa Ushirombo, karibu na misheni, na utotoni nilikuwa nikitumwa kuni napita chini ya dirisha ambapo kulikuwa na mtu anapiga kinanda. Nilikuwa naweka mzigo chini, nasimama. Hakuna aliyewahi kunifukuza, lakini pia hakuna aliyewahi kuniuliza kama ningependa kukigusa. Sikumlaumu mtu. Ila binti yangu aliposimama juu ya lile benchi, nilijiona mwenyewe na mzigo wa kuni miguuni, na nikaapa kwamba huyu ataulizwa.

Yule dada, kumbe, alikuwa ametafuta chumba nyuma ya kanisa ili afundishe watoto wadogo. Alikuwa na selo zilizotumika, za watoto na chache za watu wazima, alizopewa na kanisa moja huko nje lililovunja bendi yake. Kila familia aliiazimisha selo mbili, ya mzazi na ya mtoto. Alikuwa binti wa Dar es Salaam, mwembamba, hana mume, na ana msimamo kama askari wa usalama barabarani. Sharti lake lilikuwa moja tu, na mimi nilidhani sikulisikia vizuri.

"Mzazi anaanza kwanza," akasema. "Mtoto anakaa pembeni anatazama. Ukiweza wimbo wa kwanza, ndipo namkabidhi yeye ya kwake."

"Mwalimu, mimi ni fundi cherehani," nikamwambia. "Nimekuletea mtoto."

"Najua, mama. Lakini mimi nitamwona mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote mwalimu wake ni wewe, na utamfundishaje kitu usichokijua? Isitoshe, mtoto wa umri huu anaiga anachokiona nyumbani. Akikuona unapiga kila siku, mwenyewe ataililia."

Nilinung'unika mpaka nyumbani. Ukweli ni kwamba ndani ya moyo nilikuwa nafurahi kuliko mtoto. Mtu alikuwa ameniuliza hatimaye, ingawa kwa kunilazimisha.

Basi nikaanza. Darasani hapakuwa na shida. Tulikuwa akina mama na watoto, tukafunga mlango, kila mtu akapanua magoti na kuiweka selo katikati kama tulivyoonyeshwa, miguu yote miwili imekanyaga chini, mgongo wima. Tulicheka sana siku za mwanzo. Mama mmoja, muuza duka wa Kihindi aliyekuja na mwanawe, alisema tunafanana na watu wanaokamua ng'ombe wakubwa mno. Nilijifunza kupaka upinde ile nta yake ngumu, kuvuta bila kukandamiza, na kutafuta noti za wimbo kwa vidole vilivyozoea sindano.

Shida ilikuwa nyumbani. Chumbani kwangu mna kitanda, cherehani, magunia ya mpunga na vitambaa vya wateja. Upinde ukienda huku unagonga kabati, ukirudi unagonga ukuta. Nafasi iliyobaki ni ile ya mbele ya pazia. Na pazia ni pazia, upepo ukipita linapanda. Upande wa pili amekaa baba mkwe kwenye kiti chake cha mikono, anasikiliza redio. Sasa mkamwana akae amepanua magoti mbele ya mkwe wake? Niliwaza hivyo tu nikasikia uso unawaka. Hata ningevaa sketi pana mpaka ardhini, mkao ungekuwa uleule, na yeye angejua, na mimi ningejua kwamba anajua.

Kwa hiyo nilifanya kama mwanamke mwenye adabu anavyopanda baiskeli nyuma ya mtu. Nilikaa upande. Magoti nimeyabana pamoja, miguu yote miwili kushoto, khanga juu ya mapaja, na selo nimeilaza ubavuni. Shingo iliniuma, mkono wa upinde ukawa haufiki mwisho, lakini heshima ilibaki mahali pake. Nilijiona mjanja sana. Hivyo ndivyo nilivyofanya mazoezi jioni zote, na binti yangu amekaa kwenye gunia la mpunga, ananitazama bila kupepesa.

Niliuweza wimbo wa kwanza. Mwalimu akafurahi, akamkabidhi binti yangu selo yake ndogo mbele ya darasa zima. Mtoto alikuwa ameililia kweli, kama ilivyotabiriwa. Akakaa kwenye kigoda. Akabana magoti. Akazungusha miguu yote miwili kushoto, taratibu, akajifunika khanga ndogo niliyomshonea, akailaza selo ubavuni, akatazama mlangoni kwanza kuhakikisha hakuna mtu, ndipo akanyanyua upinde.

Akina mama wakatazamana.

"Mwanangu," mwalimu akasema, "nani amekufundisha kukaa hivyo?"

"Mama. Nyumbani ndivyo tunavyokaa. Vile vingine ni vya hapa."

Wenzangu waliangua kicheko, na mimi nilitamani kuingia ndani ya ule mfuko mweusi nijifungie zipu. Mwalimu hakucheka. Alimsogeza mtoto, akampanga miguu, akamnyoosha mgongo. Alipomwachia tu, miguu ikarudi kushoto yenyewe. Akampanga tena, ikarudi tena. Darasa lilipoisha aliniomba nibaki.

"Mama, akiendelea hivi ataharibika mgongo, na mkono wake hautapiga kamwe. Siwezi kumwachia ala inayomuumiza, na kuna familia inayongoja. Tuna siku ya wazazi mwisho wa muhula. Akikaa sawa, akapiga na wewe wimbo mmoja, kisha mmoja peke yake, selo zinabaki kwenu. La sivyo nitazichukua."

"Mpange wewe basi, si ndiyo kazi yako?" Hasira zangu ziko karibu, kila anayenifahamu anajua.

"Mimi nikimpanga ni mara moja kwa wiki. Wewe anakuona kila siku. Dawa ni moja, akuone nyumbani umekaa sawasawa."

"Mwalimu, una baba mkwe?"

"Sina."

"Basi ngoja umpate, ndipo uje uniambie nikaeje nyumbani kwangu."

Nilitoka nikaita bajaji, nikapakia selo mbili na mtoto mmoja anayelia. Njiani hasira zilipoa, yakabaki machozi ya mtoto. Kwa sababu mwalimu alikuwa amesema kweli, hakuwa na kosa hata chembe. Binti yangu alikuwa karibu kunyang'anywa kitu alichokipenda kuliko chochote, kwa sababu alinitazama vizuri mno.

Jambo kama hili mkamwana halipeleki mwenyewe kwa mkwe. Linapelekwa na mume. Wangu ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Nyarugusu, na huja nyumbani mara chache. Nikampigia. Alicheka mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kulikoni.

"Usijali, mama watoto. Nikija nitaongea na mzee."

Alikuja. Akakaa na baba yake sebuleni jioni nzima. Mimi niko nyuma ya pazia nimekunja mikono, nasikiliza. Wakaongea mvua. Wakaongea ng'ombe walioachwa kijijini, mmoja mmoja kwa rangi zao. Wakaongea shemeji fulani aliyeingia duarani, kwenye shimo la dhahabu, na hajapata kitu. Kisha mume wangu akaaga kwenda kulala. Nilipomuuliza alijikuna kichwa.

"Nilikuwa naanzia mbali," akasema.

"Ulianzia mbali ukaishia hukohuko."

Mwanamume anayetia mkono ndani ya mashine inayovunja mawe alishindwa kumwambia baba yake kwamba mkewe anataka kukaa amefungua magoti. Asubuhi akarudi Nyarugusu. Nami nikazifunga selo ndani ya mifuko yake na kuzisimamisha nyuma ya kabati, maana sikuweza kuendelea kumfundisha mtoto makosa.

Nyumba ikawa kimya. Sikujua kama kuna mtu mwingine aliyekisikia kimya hicho. Lakini babu na mjukuu hawafichani, na yeye alipomuuliza mbona ndama halii siku hizi, binti yangu alimmwagia yote: khanga, magoti, miguu ya kushoto, mwalimu, familia inayongoja, na baba aliyeongea ng'ombe. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba jioni moja, nilipopiga magoti kutenga ugali, mzee hakunawa mikono mara moja. Alimgeukia mjukuu wake, akaongea kwa sauti ya kunifikia.

"Mke wangu."

"Naam, guku." Hilo ni babu kwa Kisukuma, hulitumia akitaka kumpendeza.

"Mwambie mama yako, kuanzia kesho, jua likianza kushuka, mimi nitakuwa nje. Kiti changu nitakitoa mwenyewe. Nitakigeuza kitazame barabara, nione watu wanaopita, maana humu ndani nimechoka kutazama ukuta. Sitageuka. Nikitaka kuingia nitakohoa kwanza, na nisipojibiwa sitaingia. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mama, babu amesema..."

"Mwambie babu nimesikia," nikasema. "Mwambie wabeja."

"Babu, mama amesema asante."

"Nimesikia. Haya, lete maji ninawe."

Ndiyo hivyo, jambo likaisha. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya moto. Hakuniuliza selo ni kitu gani na ina faida gani. Hakusema siku hizi dunia imeharibika. Alichukua kiti chake, ndani ya nyumba ambayo ni ya mwanawe, akajitoa.

Kesho yake niliweka kiti cha jikoni katikati ya sebule. Nikavaa gauni nililojishonea kwa kitambaa kingi kuliko cha bibi harusi, nikakanyaga chini kwa miguu yote miwili, nikafungua magoti, nikaikumbatia selo. Kupitia mlango niliona mgongo wa baba mkwe, kofia yake, na fimbo imeegemea ukuta. Nikapiga. Binti yangu alinitazama mimi, akatazama miguu yangu, akaenda kuchukua kigoda chake.

Haikuwa kazi ya siku moja. Miguu yake ilizoea kushoto, na kila alipofika kwenye noti ngumu ilikimbilia kulekule. Sikumkemea, mimi ambaye hukemea hata kuku. Nilikaa tu mbele yake, nikapiga, akaniona. Polepole ikaanza kutulia. Mvua zilipoanza nilimtuma aende kumwambia babu aingie, leo tutapumzika. Akarudi na jibu kwamba babu ana koti, na amesema, "Mwambie mama yako aendelee, nilikuwa nangoja ile sehemu inayopanda." Alikaa chini ya bati, maji yanamrukia miguuni, anatazama barabara isiyo na mtu.

Majirani hawakukosa la kusema. Walisema mkamwana wa Ushirombo kamtoa mkwe wake nje na makelele yake. Mama wa nyumba ya pili alimsalimu makusudi siku moja, "Shikamoo baba. Mbona unakaa nje kila siku, ndani hakukaliki?"

"Marahaba," akajibu. "Niko kazini."

Nilisikia, nikaendelea kupiga. Tangu siku hiyo sikujali tena alichosema mtu.

Siku ya wazazi ilipokaribia, binti yangu alimwalika babu yake bila kuniuliza. Nilishtuka. Ukumbi wa kanisa hauna mahali pa kujificha, na sisi wawili tungepiga mbele, juu, kila mtu anatuona. Nilitaka kumtuma mtoto akamwombe asije, nikaona aibu. Mtu aliyelowa kwa ajili yetu nimzuie mlangoni? Nikashona gauni jingine, pana zaidi.

Mume wangu alikuja kutoka Nyarugusu, akamleta baba yake kwa bajaji, wakapewa viti vya plastiki mstari wa mbele kabisa kwa heshima ya mzee. Mimi na mtoto tulikuwa pembeni tunangoja. Majina yetu yalipoitwa, ya kwanza kabisa, tulitoka, tukakaa. Kabla sijaiweka selo mahali pake nilitazama chini.

Baba mkwe alikuwa amesimama. Ameshika kiti chake kwa mikono miwili, anakigeuza, mguu ule mbovu ukiburuta. Akakigeuza chote, akakaa, akaligeuzia jukwaa mgongo na uso kwa watu wote walioketi nyuma yake. Mnong'ono ukapita ukumbini. Nikamwona mwalimu anakunja uso. Mume wangu aliinama kumshika bega.

"Baba, jukwaa liko huku."

"Najua liko wapi," mzee akasema. "Niache."

Watu walidhani amekasirika, au amechanganyikiwa kwa uzee. Katika ukumbi ule wote, sisi watatu tu ndio tuliojua. Binti yangu aliuona ule mgongo, ile kofia, akatabasamu, maana sasa ilikuwa kama sebuleni. Akakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Nami nikafungua magoti yangu mbele ya Kahama nzima, bila wasiwasi wowote, na tukapiga wimbo wetu mpaka mwisho. Ile sehemu inayopanda niliivuta kwa nguvu kidogo, na nikaona kichwa kinatikisika ndani ya kofia.

Makofi yalipigwa. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaniashiria nitoke nimwache mtoto apige wa peke yake. Nikasimama, nikateremsha gauni, nikaiegemeza selo yangu ukutani, nikasogea pembeni na kubana miguu pamoja kama mkamwana anavyosimama. Binti yangu alinyanyua upinde. Babu yake alikuwa bado anawatazama watu, hajageuka, kama alivyoahidi. Nyumbani ningemtuma mtoto akamwambie anaweza kugeuka. Hapakuwa na wa kumtuma.

Nikakohoa.

Alingoja kidogo, kuhakikisha. Nikakohoa tena. Ndipo alipoinuka, akageuza kiti chake, akaketi, na kwa mara ya kwanza akamwona mjukuu wake ameikumbatia ile ala ambayo siku zote ameijua kwa mfuko wake mweusi na sauti yake tu. Akaitazama juu mpaka chini. Akautazama upinde.

"Kumbe hakipulizwi!" akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

Ukumbi mzima ukacheka, na mtoto akacheka mpaka upinde ukacheza hewani. Kisha akatulia, akapiga, na baba mkwe wangu hakuyatoa macho kwake mpaka alipomaliza.